SOMO: Pima neva za mkono kabla hujashona jeraha wala kufunga POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika)

Kila wiki natumiwa picha ya mkono uliolegea na swali lile lile: "Dokta, huu mshipa gani?" Picha haiwezi kujibu. Na neno lenyewe linatuchanganya, maana kwetu mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na hata kano la kukunjia kidole watu huliita mshipa. Hapa nitasema neva, yaani mshipa wa fahamu. Nawaandikia hasa matabibu na wauguzi wa vituo vya afya, na wanafunzi wao. Nikiulizwa tena nitakuelekeza huku.

Hatua ya 1. Mvue nguo hadi begani, ulinganishe mikono yote miwili.

Hatua ya 2. Uliza ilikuwaje. Kioo au panga kwenye kifundo cha mkono: fikiria neva za mediani na alna. Mfupa wa juu ya kiwiko umevunjika katikati: neva ya radiali, kwani hupita nyuma ya mfupa huo imeuegemea kabisa. Bega limeteguka: neva ya kwapa, pima ganzi pembeni mwa bega. Ameanguka na bodaboda, bega likavutwa chini na shingo ikaenda upande wa pili: hapo ni fungu zima la neva linalotoka shingoni, mizizi ya C5 hadi T1 (ndivyo mizizi hiyo inavyoitwa inapotoka kwenye uti wa mgongo).

Hatua ya 3. Pima hisia kwa pamba. Ncha ya kidole cha shahada ni mediani. Ncha ya kidole cha mwisho ni alna. Nyuma ya kiganja, kati ya gumba na shahada, ni radiali. Fanya hivi KABLA ya kuchoma lignokeini, dawa ya ganzi. Ukishachoma, ganzi ya dawa na ganzi ya neva iliyokatika huwezi kuzitenganisha.

Hatua ya 4. Pima nguvu. Hapa ndipo nilipokosea, na aliyelipa ni mgonjwa.

Alikuja kijana fundi wa vioo, amekatwa kwenye kifundo upande wa kidole kidogo. Jeraha la sentimita tatu, safi. Nikachoma dawa, nikamwambia akunje ngumi, akakunja. Afungue, akafungua. Nikaandika "neva salama", nikashona. Wiki ya sita akarudi. Kidole cha pete na cha mwisho vimejikunja kama kucha za mwewe, nyama kati ya gumba na shahada imebonyea, funguo hawezi kuzungusha. Na kwenye kidole cha mwisho alikuwa na lengelenge la moto. Alishika sufuria, akajua ameungua alipoiona ngozi.

Ngumi ilinidanganya. Misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha na hupata neva yake huko juu, kabla ya kifundo. Alna ikikatikia kifundoni, ngumi bado inakunjika. Kwa hiyo usiseme "chezesha vidole" ukaridhika. Pima kila neva kwa kazi yake:

– Alna: mpe karatasi aibane kati ya gumba na ubavu wa shahada, uivute. Gumba likijikunja kwenye kiungo cha mwisho ili kuishikilia, alna imeguswa. Kipimo hiki kilielezwa na Mfaransa Froment mwaka 1915.
– Mediani: kiganja kiangalie juu mezani, gumba lielekee dari, ulisukume chini. Usipime kwa kukunja gumba.
– Radiali: kifundo kikining'inia umeshaiona. Lakini ukipima vidole, shikilia kifundo kwa mkono wako kisha umwambie ainue vidole kuanzia kwenye vifundo vya ngumi. Viungo vya mbele huweza kunyooka kwa misuli midogo ya kiganja hata radiali ikiwa imekufa.

Onyo jingine: damu ikiruka kifundoni, usidumbukize koleo ukabana usichokiona. Ateri ya alna na neva yake ziko bega kwa bega. Bandika shashi, kandamiza, inua mkono.

Hatua ya 5. Andika ulichokuta na saa, kabla ya kushona na kabla ya POP. Baada ya POP, pima tena.

Hatua ya 6. Neva iliyokatwa na kitu chenye makali iunganishwe na daktari wa upasuaji ndani ya siku chache. Osha, funika, mpe rufaa. Kifundo kinachoning'inia kifungie gango kikae kimenyooka.

MASWALI

Mzalendo77: Mkuu kidole changu cha mwisho kinakufa ganzi, nitumie dawa gani?

Mwandishi: Sitaji dawa ya mkono nisioushika. Nenda ukapimwe hatua ya 3 na ya 4.

Mzalendo77: Sasa somo la nini kama hujibu?

Mwandishi: La kupima. Nimeandika hivyo kwenye kichwa.

MwanafunziCO: Dokta, mwalimu alisema alna ikikatikia kiwikoni vidole hujikunja kidogo kuliko ikikatikia kifundoni. Mbona kinyume cha tunavyotarajia?

Mwandishi: Swali zuri sana. Kujikunja kule ni mvutano usio na mpinzani: misuli midogo ya kiganja imekufa, lakini ile mirefu ya kigasha bado inavuta vidole. Ikikatikia kiwikoni, sehemu ya hiyo mirefu inayovuta kidole cha pete na cha mwisho nayo imekufa, basi hakuna wa kuvuta. Ndiyo maana neva iliyokatikia kiwikoni ikianza kupona, vidole vinaweza kujikunja zaidi kwa muda. Mwandae mgonjwa mapema asije akakata tamaa.

Babu Mchua: Neva ikikatika haiungi. Bora achuliwe tu.

Mwandishi: Huota upya kiasi cha milimita moja kwa siku, ikiwa ncha zake zimeunganishwa. Kuchua hakuunganishi ncha. Na misuli haisubiri milele. Ikikaa mwaka hadi mwaka na nusu bila neva, kuirudisha ni kazi ngumu mno. Ukimchua miezi minane ndipo umlete, umemla muda wake.

Mama Nasra: Mwanangu ana wiki mbili, alikwama bega wakati wa kuzaliwa. Mkono wa kulia umelala tu, kiganja kimegeukia nyuma.

Mwandishi: Pole sana dada. Hiyo inafanana na kuumia mizizi ya C5 na C6. Watoto wengi hupata nafuu, lakini mpeleke wiki hii, waangalie pia kama mfupa wa mtulinga umevunjika. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono au kwapa. Akifika miezi mitatu bado hakunji kiwiko, omba aonwe na daktari wa upasuaji wa neva. Usikubali kuambiwa usubiri mwaka.

Muuguzi_Ngozi: Ongeza hili: ganzi ya alna bila jeraha lolote, papasa nyuma ya kiwiko. Neva ikiwa nene kama kamba, tafuta baka la ngozi lisilo na hisia. Ukoma bado upo.

Mwandishi: Asante sana, nilisahau. Dawa zake hutolewa bure, na neva ikiwahiwa huokolewa.

MwanafunziCO: Na mtoto wa miaka mitatu asiyekubali pamba?

Mwandishi: Mchezeshe jiwe, karatasi, mkasi. Karatasi ni radiali, jiwe ni mediani, mkasi ni alna. Asipocheza, telezesha ubavu wa kalamu ya plastiki kwenye vidole. Ngozi yenye neva hutoa jasho, kalamu hukwama kidogo. Isiyo na neva ni kavu, kalamu huteleza. Au loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa. Visivyo na neva havikunyati.

MwanafunziCO: Uvuguvugu wa kiasi gani?

Mwandishi: Nyuzi 40 hivi. Huna kipimajoto, tumbukiza kiwiko chako kwanza. Mtoto huyo anaweza kuungua bila kulia.