Ukila ugali na samaki usiku, saidia tumbo hivi
Watu wa Kisumu, ile ngege ya kukaanga pale Dunga na ugali mlima saa tatu usiku alafu moja kwa moja kitandani, hapo ndo kiungulia huanzia. Kwanza tafuna pole pole, mate ndo huanza kuvunja wanga wa ugali, na tumboni hakuna meno. Kula mapema juu tumbo linataka kama masaa 2 hadi 4 kumaliza chakula, na mafuta ndo hukaa zaidi, yanaachiliwa kidogo kidogo ndo nyongo iyashughulikie kule utumbo mwembamba, ule wa karibu mita 6. Usilale kabla masaa 3 yaishe, asidi itapanda kooni (soda ya kushushia haisaidii, wacha kudanganywa). Osuga (mboga ya managu) ama sukuma usikose, na maji, choo kisikauke.