Namna ya kupanga na kutekeleza msimu wa ziara ya muziki katika kambi za vijana

Mwanamuziki anayezunguka kambi za vijana wakati wa likizo ndefu anafanya kazi tofauti kabisa na ile ya jukwaa la tamasha. Katika tamasha watu wamekuja kwa ajili yake. Kambini vijana wamekuja kwa ajili ya wenzao, na muziki umealikwa ili uwaunganishe. Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni kimoja: je, siku ya mwisho vijana wanaweza kuimba nyimbo zile bila mimi? Hatua zote zinazofuata, kuanzia kalenda hadi spika, zimepangwa kwa kuzingatia kipimo hicho.

Hatua ya 1: Anza kalenda kwa siku za mapumziko

Kabla ya kupokea mwaliko wowote, andika kwanza siku za kupumzika na siku za kusafiri, kisha ujaze kambi katika nafasi zinazobaki. Usihesabu kazi kwa idadi ya mialiko, bali kwa idadi ya vipindi, kwa sababu kambi moja inaweza kuwa na kipindi cha asubuhi, kipindi cha jioni na nyimbo za kuzunguka moto usiku, na koo lako halitambui kwamba vyote hivyo vimo katika mkataba mmoja. Kambi zilizo jirani ziwekwe kwa kufuatana hata kama itabidi kumwomba mratibu mmoja abadilishe tarehe, na kambi inayoanza asubuhi ufike tangu jana yake. Mwaliko unaokulazimu kusafiri usiku kucha na kuimba alfajiri ni heri kuukataa mapema kwa heshima kuliko kuutimiza kwa sauti iliyokauka.

Hatua ya 2: Andikianeni mapatano

Mapatano yaliyoandikwa hukulinda wewe na kuilinda kambi pia. Yataje idadi ya vipindi kwa siku na muda wa kila kimoja, nani analeta spika na vipaza sauti, mahali pa kulala, malipo ya awali, tarehe ya kumalizia malipo, na kitakachofanyika iwapo kambi itaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa au ugonjwa.

Omba pia nakala ya kanuni za kambi za kuwalinda watoto, uzisome, na uzifuate hata pale ambapo hakuna anayekuangalia. Usikae peke yako na kijana katika chumba kilichofungwa; anayetaka kufundishwa gitaa afundishwe mahali pa wazi ambapo kiongozi mwingine anawaona. Usiwasiliane na vijana kwa ujumbe wa faragha baada ya kambi, wala usisambaze picha zao bila ridhaa ya wazazi na ya kambi yenyewe. Mgeni anayeimba hupewa imani na vijana haraka kuliko mtu mwingine yeyote kambini, na ndiyo sababu mipaka yake inapaswa kuwa migumu zaidi.

Hatua ya 3: Chagua nyimbo na funguo kwa ajili ya sauti zao

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wanamuziki wengi hupita haraka. Ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo huimbwa, unaoipendeza sauti yako mara nyingi si ufunguo wa vijana. Kwa kundi la mchanganyiko, jitahidi wimbo ukae kati ya noti ya A iliyo chini ya C ya kati (ile iliyo karibu na katikati ya kinanda) na D ya oktava inayofuata juu ya C hiyo (oktava ni ngazi ya noti nane), wavulana waliokwisha kubadilika sauti wakiuimba oktava moja chini. Ukishuka zaidi ya hapo wasichana hufifia, na ukipanda zaidi wengi hunyamaza au kupiga kelele.

Wavulana ambao sauti zao ziko katikati ya kubadilika, hasa wenye umri wa kati ya miaka 12 na 15, huwa na noti chache tu wanazoweza kuzitegemea, na noti hizo zinaweza kuhama katika kipindi kifupi. Kijana wa namna hiyo akilazimishwa kuufuata wimbo mzima huaibika, na akishaaibika huacha kuimba, pengine kwa miaka mingi. Mtungie sehemu yake: mwitikio wa neno moja kwenye noti mbili au tatu za chini, mdundo wa makofi, au mstari unaojirudia chini ya kiitikio. Sehemu hiyo iwe na maana katika muziki, kwa sababu vijana hutambua mara moja wanapopewa kazi ya kuwapoza tu.

Nyimbo mpya zisizidi mbili kwa siku. Anza na kiitikio kabla ya beti, uimbe mstari mmoja nao wakurudishie, na ufanye hivyo bila ala, maana gitaa huficha makosa ambayo yangerekebishwa mapema. Nyimbo za kiongozi na waitikiaji zinafaa sana siku ya kwanza, kwa kuwa hazihitaji karatasi wala kujua maneno kabla. Wimbo uliofundishwa asubuhi uimbwe tena jioni na tena kesho yake asubuhi. Urudiaji uliotawanywa hukaa kichwani kuliko kurudia mara kumi kwa mfululizo. Kisha, wanapoushika, punguza sauti yako kidogo kidogo, acha kipaza sauti, na mwishowe acha kupiga gitaa katika kiitikio ili wajisikie wenyewe.

Hatua ya 4: Tayarisha vyombo kwa ajili ya uwanja wa wazi

Nje hakuna kuta za kuirudisha sauti, na kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Dawa yake si kuongeza nguvu hadi walio mbele waumie, bali ni kuwasogeza vijana karibu na kuziinua spika juu ya vichwa vyao. Vipaza sauti vikae nyuma ya mstari wa spika kuu ili kuepuka ule mlio mkali unaojizungusha, na spika ya kujisikilizia ielekee mgongo wa kipaza sauti. Usikikumbatie kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja, kwani hilo huongeza mlio huo. Kata pia sauti nzito zilizo chini ya hezi 100 hivi kwenye njia za waimbaji katika mashine ya kuchanganyia sauti. Upepo na mishindo ya jukwaa hupungua sana.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha kinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Kambini ninashauri ukae chini sana ya hapo, kwa ajili ya masikio yao na pia kwa sababu kijana asiyejisikia akiimba huona hahitajiki.

Gitaa la mbao lihifadhiwe kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, wala lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto hulainisha gundi na daraja, yaani kibao kinachoshika nyuzi, linaweza kubanduka.

Hatua ya 5: Ilinde sauti yako saa zote

Waimbaji wengi wa kambi huchosha sauti kwa kuzungumza, si kwa kuimba: kupaza sauti katika bwalo la chakula, kutangaza ratiba uwanjani, kupiga soga ndani ya basi lenye kelele. Omba filimbi au kengele itumike kuwakusanya vijana, na matangazo yafanywe na viongozi. Kunong'ona nako si pumziko, kwani watu wengi hukaza koo wanaponong'ona. Kunyamaza ndiko kunakopumzisha.

Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti, kwa kuwa hupita katika njia ya chakula, na faida yake hufika kupitia mwili mzima. Basi kunywa tangu asubuhi, usisubiri dakika za mwisho. Mvuke wa kawaida ndio unaozifikia nyuzi moja kwa moja. Pasha sauti kwa kutetemesha midomo au kuvumisha sauti kupitia mrija, ukipanda na kushuka taratibu. Kwenye moto wa usiku simama upande ambao moshi hauendi, na ule mapema ili zipite saa mbili au tatu kabla ya kulala. Sauti ikipotea ghafla katikati ya wimbo, nyamaza hapo hapo na umwone daktari wa koo; huenda mshipa mdogo wa damu kwenye nyuzi za sauti umepasuka, na kuendelea kuimba kunaweza kuleta madhara ya kudumu.

Hatua ya 6: Uheshimu usiku wa mwisho

Usiku wa mwisho vijana wamechoka, wamependana, na machozi yako karibu. Mwanamuziki anaweza kuwasukuma kwa urahisi mno kwa kurudia kiitikio polepole tena na tena, na ninaamini kwa dhati kwamba hana haki ya kufanya hivyo. Imba nyimbo wanazozijua, maliza kwa muda mliokubaliana, kisha wakabidhi kwa viongozi wao, ambao watakuwapo kesho kijana akihitaji kuzungumza na mtu.

Hatua ya 7: Kabla ya kuondoka kwenda kambi inayofuata

Andika siku hiyo hiyo nyimbo ulizofundisha, funguo zake, na zile walizoziimba peke yao. Badilisha nyuzi za gitaa, kagua kebo moja moja, linganisha malipo na mapatano. Mwachie kiongozi wa kambi maneno ya nyimbo na kodi zake za gitaa (noti zinazopigwa pamoja), ila kumbuka kwamba ruhusa ya kuimba wimbo wa mtu hadharani na ruhusa ya kunakili maneno yake kwa kawaida ni ruhusa mbili tofauti. Ambapo ya pili haipo, mwachie zile ulizotunga mwenyewe na zile za jadi zisizo na mmiliki.