Presha ya maji kwenye trela ya kempu, usichomeke mpira hivihivi

Jamani kama umenunua trela ya kulala huku Marekani, usifike kempu ukachomeka mpira wa maji moja kwa moja, presha ya pale haitabiriki, kuna bomba zinapiga PSI (kipimo cha presha) 80 na nyingine zinapita 100, hasa usiku watu wakishalala, wakati trela nyingi zinataka 40 hadi 50 tu. Mimi nilijifanya mjuaji, saa nane usiku nasikia tii tii chini ya sinki, kumbe jointi imeachia, kapeti lote chapachapa.

Nunua regyuleta, yaani kifaa cha kupunguza presha ya maji, ile ya shaba yenye geji na skrubu ya kurekebishia, maana vile vidogo vya bei chee vinakaba maji mpaka shawa inakojoa tu (samahani kwa lugha). Ifunge kwenye koki ya kempu, siyo kwenye trela, ili na mpira wenyewe upone. Zima pampu ya trela. Fungulia maji taratibu, soma geji bomba za ndani zikiwa zimefungwa, kaza au legeza mpaka 45 hivi.

Maji yakipungua ghafla, safisha kwanza kile kichujio pale mpira unapoingilia, mara nyingi ni mchanga tu. Na ukitoka kutembea funga koki ya nje.