Somo: Wa juu na wa chini wajenge modeli ya mto kwa mikono yao

Hili ni kwa jumuiya za watumia maji za Moshi, hasa kandokando ya mto Rau, ambako kiangazi kikikaza wa mifereji ya juu na wa mpunga wa chini, Mabogini, hawasalimiani. Modeli hapa ni picha ya mto kwa mchoro na namba.

1. Watu kwanza, kompyuta baadaye. Waite wa juu, wa chini, wafugaji, kina mama, na mtu wa Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Wa juu wasipotokea, ahirisha. Modeli iliyojengwa bila wao wataiona mashtaka.

2. Choreni mto: chemchemi, mabanio (vizuizi vya kuelekeza maji mferejini), mifereji, mashamba. Kisha mishale ya sababu. Maji yakipungua, wa chini hupanda usiku kubomoa banio. Wa juu akiamka huziba zaidi. Maji yanapungua tena. Mshale ukirudi ulikoanzia, watu hunyamaza. Waache. Kikao changu cha kwanza nilikimbilia kufungua kompyuta, mzee akaniuliza, "Huu mto ni wa wapi?"

3. Tieni namba. Lita 1 kwa sekunde, usiku na mchana, ni lita 86,400 kwa siku. Jedwali la Excel latosha: yanayoingia, yanayochukuliwa, yanayovuja, yanayobaki. Lijaribuni kwa mwaka wa ukame mnaoukumbuka wote. Likisema mpunga ulistawi na ninyi mlivuna pumba, rekebisheni jedwali.

4. Jaribuni zamu, kusakafia mfereji, kupanda kwa awamu. Badilisheni kimoja kimoja. Mwezeshaji asichague.

5. Mkikubaliana, andikeni na kusaini.

Maswali ya wanachama

*Sisi wa juu tuna kibali cha kutumia maji. Tujadili nini?*
Shikamoo mzee. Kibali chako ni halali, ila Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza mahitaji ya binadamu, kisha mazingira, ndipo mashamba. Andika lita za kibali chako kando ya lita za mto za Februari, tuzitazame pamoja.

*Wasiojua kompyuta je?*
Tumia maharage, punje moja lita 5 kwa sekunde. Anayetaka nyongeza aichukue kwenye bakuli la jirani, jirani akimwangalia.

*Na wanaochepusha maji usiku?*
Wape mstari wao kwenye jedwali, bila majina. Pimeni mto juu na chini ya kipande wanakochepusha. Kwenye tofauti ya vipimo hivyo toeni yanayochukuliwa kihalali na makadirio ya uvujaji, kinachobaki ndicho chao. Kwetu mstari huo uliizidi mifereji miwili, na wiki iliyofuata mmoja wao alikuja kuomba zamu.