JIT inaanguka kwenye ARM pekee? Angalia kashe ya maagizo

Kama JIT yako (programu inayozalisha msimbo wa mashine huku ikiendeshwa) inakwenda vizuri kwenye prosesa za x86 za Intel au AMD, lakini kwenye Raspberry Pi, yenye prosesa ya ARM, inakufa kwa SIGILL (ishara ya agizo lisilo halali) mara moja moja, usikimbilie kulaumu kizalisha-msimbo. Ukifungua dibaga huenda ukakuta baiti ziko sawa kabisa: 0x52800540 (weka 42 kwenye w0), kisha 0xD65F03C0 (rudi). Ila dibaga inasoma kupitia kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya data; prosesa inachota kutoka kashe ya maagizo, na humo bado mna takataka za zamani. ARM haikuahidi kuzioanisha hizo mbili. x86 hufanya hivyo yenyewe, ndiyo maana imetudekeza.

Ukimaliza kuandika, kabla ya kuruka kwenye msimbo, ita `__builtin___clear_cache(mwanzo, mwisho)` ili prosesa ichote maagizo mapya. Kompaila za GCC na Clang zote zinayo. `mwisho` ni anwani inayofuata baiti ya mwisho. Kwenye Mac za Apple Silicon kuna `sys_icache_invalidate`, na hiyo inataka mwanzo na urefu, kwa hiyo usinakili hoja kichwa kichwa.

Waliokompili mapema, kabla ya programu kuendeshwa, hawana habari na haya: mfumo endeshi huwafanyia kazi hiyo wakati wa kupakia programu.