Sanduku la bati badala ya kabati: jinsi ya kutengeneza ufunguzi wa drama ya vijana wa shule

Kila ninapoanza na kundi jipya la wanafunzi hapa Kampala, nawaomba wanichoree picha ya kwanza ya filamu yao. Huniletea ileile: korido ndefu, makabati ya chuma yamepangwa ukutani, msichana mwenye nywele ndefu anatembea polepole, vichwa vinageuka. Nawauliza kama shule yao ina makabati ya namna hiyo. Haina. Kundi moja liliyatengeneza kwa maboksi ya televisheni na rangi ya kijivu, wakamaliza wikendi nzima, na kwenye kamera yakaonekana maboksi.

Sikuwalaumu, kwa sababu walikuwa wameshaelewa jambo kubwa. Mtazamaji akiiona korido ile, ndani ya sekunde tano anajua yuko kwenye filamu ya aina gani, amfuate nani, na ugomvi utatokea wapi. Hiyo ndiyo kaida ya utanzu, yaani ya aina ya filamu: ahadi kati yako na anayekutazama. Walichokosa ni kutenganisha kazi ya kaida na ganda lake. Ganda ni la Marekani. Kazi yenyewe inaweza kufanywa na kitu kilicho chini ya kitanda chako bwenini.

Tutatengeneza ufunguzi wa dakika mbili, pamoja na majina. Uingereza, wanafunzi wa somo la vyombo vya habari walipewa kazi ya kipimo hikihiki kwa miaka mingi, na mimi nimekipenda: ni kifupi kiasi cha kupigwa kwa simu, na kirefu kiasi cha kumweka mtu kwenye hadithi.

Hatua ya 1: Tazama ukiwa na kalamu

Chagua filamu tatu za vijana wa shule. Tazama dakika tatu za mwanzo za kila moja bila sauti. Kisha rudia ukiwa umefumba macho, usikilize tu. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili: kushoto andika unachokiona au kukisikia, kulia andika kinafanya kazi gani. Upande wa kulia ndio utakaokusaidia, usiuache wazi.

Ukikwama, kumbuka kibanda cha video. Wengi wetu tumekua tukitazama filamu za nje huku VJ, mfasiri wa kibandani, akizungumza juu ya sauti yake kwa Kiganda. VJ mzuri, picha zikianza tu, anakuambia staa ni yupi, adui ni yupi, na yule mzee aliyekaa pembeni usimwamini. Huyo ni mwalimu wa utanzu. Ufunguzi wako unatakiwa kuyasema yaleyale, ila bila yeye.

Ujue pia kaida hizi zilitoka wapi. Filamu za vijana zilishika kasi Marekani miaka ya 1950, wakati kijana wa kule alipoanza kuwa na pesa yake ya tiketi, gari, na mahali pa kwenda bila wazazi. Ndiyo maana zimejaa magari, migahawa na vyumba vya kulala vyenye mlango wa kufunga. Kijana wa bweni la Uganda hana hata kimoja kati ya hivyo, lakini hamu iliyo nyuma yake anayo yote: apate pa faragha, apendwe na wenzake, akue kabla watu wazima hawajamruhusu.

Hatua ya 2: Ondoa ganda, bakiza kazi

Chukua lile kabati. Linafanya nini? Ni mahali pa siri katikati ya watu. Mlango wake una picha kwa ndani, zinazotuambia mwenyewe ni nani. Likibamizwa kwa nguvu, tunajua kuna hasira. Mtu akisimama kando yake, mazungumzo yanaanza.

Sasa tazama sanduku la bati. Jina limeandikwa juu kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa fundi, mara nyingine herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu nafasi ilikwisha. Kufuli lina ufunguo mmoja, umefungwa kwa uzi shingoni, ndani ya shati. Ukilifungua, bawaba zinalia, na bweni zima linajua umefungua. Ndani kuna sabuni ya mche iliyokatwa vipande, karanga, sukari iliyofichwa ndani ya soksi, barua. Chini ya kifuniko kuna stika au picha iliyokatwa kwenye gazeti. Kila kazi ya kabati imo humo, na juu yake kuna ziada: njaa. Mwenye sukari wiki ya sita ya muhula ana marafiki wengi.

Yaliyobaki yapitie kwa njia hiyohiyo. Meza za chakula zinazogawa makundi ni foleni ya posho (ugali) na maharage: nani anasimama, nani anapitishwa mbele, nani anabebewa sahani. Ujumbe wa simu unaotokea kwenye skrini ni kikaratasi kilichokunjwa, maana shule nyingi za bweni zinakataza simu. Gari la kwanza la kijana ni boda boda iliyofungwa sanduku na godoro nyuma, abiria amekaa kwenye nafasi ndogo iliyobaki.

Hatua ya 3: Tafuta kaida moja ya kuigeuza

Ufunguzi ukifuata kaida zote, mtazamaji anakuwa mbele yako. Ukizivunja zote, anapotea. Mimi nawaambia wanafunzi: shika nne, geuza moja. Ya kugeuza iwe ile ambayo maisha ya hapa yenyewe yameshaigeuza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni nywele. Katika drama nyingi za vijana kuna mabadiliko ya sura: msichana anafungua nywele, anavua miwani, na shule inamwona upya. Kwetu mambo yanakwenda kinyume. Shule nyingi zinataka msichana awe amenyoa. Akimaliza mtihani wa S.4, kidato cha nne, anapata likizo ndefu, nywele zinakua, anasuka rasta, mtaa unaanza kumwita dada. Kisha matokeo yanatoka, anaitwa S.5, kidato cha tano, na siku moja kabla ya kuripoti mama anampeleka kwa kinyozi. Hapo ndipo filamu yako inapoanza. Sura yake inabadilika, lakini kwa kuporwa kitu.

Piga hivi. Skrini nyeusi, mashine ya kunyolea inanguruma. Picha ya karibu: rasta moja inaanguka kwenye sakafu ya saruji, juu ya nywele fupi za wanaume walionyolewa kabla yake. Mkono wa kinyozi unageuza kichwa. Kwenye kioo tunamwona mama mlangoni akihesabu noti, hamtazami binti yake. Uso wa msichana tusiuone bado. Tuuone kwa mara ya kwanza mashine ikizimwa, anapojipapasa kisogo.

Kuna mambo ya vitendo hapa. Rasta hazioti tena jioni hiyo, kwa hiyo una nafasi moja tu: weka simu mbili, moja kwenye kioo na moja chini usawa wa sakafu, zote ziwe na mipangilio ileile. Picha zote za nywele ndefu zipigwe kabla. Na usimnyoe mtu kwa ajili ya filamu. Tafuta mwigizaji ambaye kweli anarudi shule na atanyolewa kwa vyovyote, zungumza naye na mzazi wake mapema, na mmoja wao akisita, acha. Saluni, nyuso mbili na sauti ya mashine vinatosha kutengeneza sini (onyesho) hiyo bila kukata hata unywele mmoja.

Hatua ya 4: Wahusika na ndimi zao

Utanzu huu unaishi kwa aina za watu: mgeni, malkia wa bweni, kiranja, mtoto wa mwalimu, mchekeshaji wa nyuma ya darasa. Katika dakika mbili tumia watatu, basi. Kila mmoja mpe kitu cha kushika mkononi kabla ya kumpa maneno.

Mgeni wetu tumwite Zaitun, Mnubi wa mji wa Bombo. Nyumbani wanaongea Kinubi na Kiswahili. Bwenini wenzake wanaongea Kiganda, na darasani ni Kiingereza tu. Hapo una mgawanyiko wa makundi ambao filamu ya nje haiwezi kukuazima. Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi wa hapa sauti yake ikabaki ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mwaka 2005 katiba ilikiweka kuwa lugha rasmi ya pili, lakini masikio hayabadiliki kwa sheria. Zaitun akimwambia mwenzake wa kitanda cha chini "Shikamoo dada" kwa heshima aliyofundishwa na bibi yake, na bweni likanyamaza, umeshasema mengi. Usimweke mtu wa kueleza. Kimya kitoshe.

Nawasihi wanafunzi wanaoongea Kiswahili nyumbani wasione haya kuandika namna hii. Maneno ya filamu yaandikwe jinsi yanavyosemwa, Kiganda kikiingia kiingie, na chini weka maandishi ya kutafsiri.

Hatua ya 5: Kurasa mbili, picha kumi na tano

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja. Andika mbili. Kisha orodhesha picha unazohitaji, kati ya kumi na mbili na kumi na nane. Zikizidi hapo ufunguzi unakuwa tangazo la biashara.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi: kinyozi, nusu dakika. Boda boda na sanduku barabarani, sekunde kumi. Geti na ukaguzi wa mizigo, mikono ya matroni ikitoa kitu kimoja baada ya kingine, sekunde ishirini. Bweni kwa picha moja pana, vitanda vya ghorofa kama mitaa. Salamu na kimya. Halafu mwisho wenye swali: usiku, taa zimezimwa, Zaitun anapapasa shingoni. Uzi upo, ufunguo haupo. Kutoka upande wa pili wa bweni tunasikia bawaba zikilia.

Ufunguzi usifunge chochote. Uache mtu akitaka kujua nani amelifungua sanduku lile.

Hatua ya 6: Kupiga

Kwanza barua ya ruhusa, imegongwa muhuri, iwe mfukoni mwako. Tuliwahi kusimamishwa getini na waigizaji kumi na wawili wakiwa wameshavaa sare, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwa mdomo tu na mtu ambaye siku hiyo hakuwepo. Tulirudi nyumbani bila picha hata moja.

Mwanga: tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu ya utosi na macho ya waigizaji yanakuwa mashimo meusi. Nje piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la kwetu linashuka wima, mwanga wa dhahabu unakaa muda mfupi mno, hivyo fanya mazoezi ya sini hiyo mapema na uwe tayari linaposhuka.

Ndani kuna adui ambaye wengi hawamjui. Taa za tyubu za mabweni zinameta kwa kufuata umeme, na umeme wetu ni hezi 50. Simu nyingi zimepangwa fremu (picha) 30 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, ikiwa 1/60 ya sekunde utaona mistari ikipanda polepole kwenye picha. Hutaiona kwenye simu ndogo, utaiona siku ya maonyesho. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe, kama Open Camera ambayo ni ya bure, weka fremu 25 kama simu yako inakubali, shata 1/50, kisha funga mwanga na fokasi visijibadilishe.

Sauti: simu ya pili iwe karibu na mdomo wa mwigizaji, ndani ya mfuko wa shati, ikirekodi peke yake. Piga kofi mbele ya kamera mwanzo wa kila picha ili baadaye uzioanishe. Mvua ikianza juu ya mabati, acheni mazungumzo, lakini irekodini hiyo mvua. Rekodi pia bawaba, kufuli, jerikeni likiburutwa, na dakika moja ya bweni tupu.

Hatua ya 7: Majina, muziki, kukata

Majina yasije kama kadi nyeusi zenye herufi za kompyuta. Mwite fundi aandike jina la filamu kwa brashi juu ya kifuniko cha sanduku, mpige akiandika, na majina ya waigizaji yatokee kwenye vitu: daftari, beseni, mbao ya kitanda. Muziki uombe kwa mwenzako anayepiga gitaa au kutengeneza biti, akuandikie ruhusa. Wimbo maarufu unaweza kuufanya mtandao uondoe kazi yako.

Kukata, DaVinci Resolve ya bure inatosha kwenye kompyuta na CapCut kwenye simu. Kata kwanza bila muziki kabisa. Sini isiyosimama bila muziki haijakamilika.

Hatua ya 8: Mpe mgeni aitazame

Tafuta mtu ambaye hakuhusika, awe mwanafunzi wa shule nyingine. Mwonyeshe sekunde thelathini za kwanza, simamisha, muulize maswali matatu: hii ni filamu ya aina gani, unamfuata nani, unadhani nini kitaharibika? Andika majibu kama alivyoyasema, usimsahihishe. Kisha mwonyeshe iliyobaki na umtazame yeye, usitazame skrini. Bawaba zikilia gizani na yeye akasogea mbele kwenye kiti, picha ya mwisho iache ilivyo. Asiposogea, rudi kwenye sini ya ukaguzi getini uone kama tuliuona ufunguo ukiingia shingoni.