Betri ya pili, waya nene na sola: kuboresha gari la kulala safarini

Gari la kulala safarini hapa Uganda mara nyingi ni HiAce, ile ambayo mitaani Kampala huitwa drone, au Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Wenye magari haya huanza kwa kununua vinavyoonekana: taa ndefu za mbele, winchi, ngazi ya nyuma. Kinachobadilisha safari ni umeme wa ndani. Maziwa yakiamka mabichi, feni ikizunguka usiku kucha kwenye mbuga ya Kidepo, simu zikiwa zimejaa na gari likiwaka asubuhi bila kusukumwa, mengine yanavumilika.

Lalamiko linalosikika kuliko yote ni friji kuzimika saa nane za usiku. Mwenye gari hununua betri kubwa zaidi, na friji inazimika tena. Mara nyingi betri haina kosa. Volti zinapotelea njiani, kwenye waya mwembamba na viungo vibovu. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za waya, na hizo ndizo zisizofaa kurukwa.

Hatua ya 1: Jua gari lako ni la volti ngapi

Ukifungua boneti ya Land Cruiser ya dizeli iliyotoka Japani ukakuta betri mbili, usidhani moja ni ya akiba. Baadhi huwasha injini kwa volti 24 ilhali taa na redio zinatumia 12. Betri zote mbili ni za kuwashia gari, na ukiunga friji kwenye mojawapo, hiyo moja itakuwa inashuka chaji kuliko mwenzake mpaka zote mbili zife. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24 gari zima, na vifaa vya kununua ni tofauti kabisa. Mwongozo huu ni wa gari la volti 12.

Chukua mita. Injini ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima inasoma kati ya 12.4 na 12.7. Washa injini: isome 13.8 hadi 14.4. Endesha robo saa, kisha pima tena injini ikiendelea kunguruma. Ikiwa imeshuka hadi karibu 12.8 na inapanda na kushuka, alternata yako (jenereta ya injini inayochaji betri) inaongozwa na kompyuta ya gari. Kumbuka jibu hilo, litaamua ununue chaja gani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya matumizi ya siku moja

Andika kwenye karatasi kila kitu kitakachotumia umeme kwa saa 24. Mfano wa watu wawili:

- Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50: hula ampea 3 hadi 5 inapofanya kazi, na kwenye joto huwa kazini karibu nusu ya muda. Weka Ah 40 (ampea-saa, yaani ampea zidisha saa).
- Feni ya wati 15 kwa saa 8: Ah 10.
- Kompyuta ndogo, chaji moja: Ah 5.
- Simu tatu: Ah 4.
- Taa mbili za LED za wati 5, saa 4: Ah 3.

Jumla ni Ah 62, nazo zitatoka kwenye betri ya pili ya nyuma, iliyo tofauti na ile ya mbele ya kuwashia injini. Betri ya AGM (ya risasi na asidi, iliyofungwa) haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji Ah 130 hivi. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 inakubali kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo Ah 100 zinatosha na kubaki. Uzito nao unahesabika: lithiamu ya Ah 100 ni kilo 12 hivi, AGM ya ukubwa huo inakaribia 30.

Friji ndiyo inayokula karibu theluthi mbili ya umeme wote. Kabla ya kuongeza betri, ipunguzie kazi: iwashe nyumbani kwa umeme wa ukutani siku moja kabla ya safari, ipakie vitu vilivyokwisha kupoa, na uache nafasi ya vidole vinne pembeni mwa matundu ya hewa ya kompresa. Friji iliyobanwa kati ya mabegi hufanya kazi bila kupumzika.

Hatua ya 3: Mahali pa betri

AGM inaweza kukaa popote penye hewa. Lithiamu usiiweke karibu na injini. Betri nyingi za aina hii hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na chini ya boneti joto hilo hupitwa mapema. Zuio la upande wa pili, la kutochaji chini ya nyuzi 0, halikuhusu labda uwe unalala juu kabisa Rwenzori; baridi ya Kabale haifiki huko.

Iweke ndani, chini, karibu na ekseli ya nyuma. Mafundi wa Katwe, Kampala, watakuchomelea trei ya vyuma vya pembe kwa vipimo utakavyowapa. Trei ifungwe kwa bolti nne za M8 zinazopita kwenye sakafu, na chini yake kuwe na bamba la chuma ili bolti zisirarue bati. Kamba ya mpira haitoshi. Gari likifunga breki ghafla, kilo 12 zinakuja mbele kwa nguvu ya kuua.

Hatua ya 4: Waya na fyuzi

Hapa ndipo pesa ziende. Chukua njia ya mita 5 kutoka betri ya mbele hadi nyuma, umeme wa ampea 25. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10 za shaba:

- Waya wa mm² 6: unapoteza karibu volti 0.7.
- Waya wa mm² 10: karibu 0.43.
- Waya wa mm² 16: karibu 0.27.

Tumia mm² 16. Usitumie waya wa nyumba wa uzi mmoja mgumu, kwa sababu mtikisiko wa murram huukata ndani huku ganda la nje likiwa zima, na utatafuta tatizo siku nzima. Kebo ya kuchomelea yenye nyuzi nyingi laini ndiyo inayofaa na inapatikana kirahisi.

Kabla ya kulipa, menya sentimita moja ya ncha, chukua uzi mmoja na uukwangue kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya rangi, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba: inapitisha umeme kidogo kuliko unene wake unavyoonyesha, inakatika upesi, na kiungo chake hulegea kwa joto. Irudishe dukani hata kama bei ni nusu.

Ncha zibanwe kwa terminali za shaba na koleo la haidroliki, si nyundo. Risasi ya kuchomelea pekee haifai kwenye gari, kwa kuwa waya hukakamaa pale risasi inapoishia, na hapo ndipo mtikisiko unapoukata. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu zako zote. Ikichomoka mkononi, ingechomoka njiani. Funika kwa mrija unaosinyaa kwa joto.

Weka fyuzi mbili za ampea 40 kwenye waya huu, moja kila upande, kila moja isizidi sentimita 20 kutoka kwenye betri yake. Ni mbili kwa sababu waya una betri ncha zote mbili. Ukikwanguliwa katikati na kugusa bodi, umeme utakuja kutoka pande zote, na fyuzi moja itaacha upande mmoja ukiwaka moto. Epuka vishikio vya plastiki vya fyuzi za kioo; huyeyuka kabla ya fyuzi yenyewe kukatika.

Upitishe waya ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, mbali na egzosi, na kila unapotoboa bati weka mpira wa kuzuia ncha kali. Upande wa hasi, njia salama ni kurudisha waya mwingine wa mm² 16 hadi mbele. Ukitumia shasi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu.

Hatua ya 5: Chaja kati ya betri mbili

Njia ya zamani ni relei inayounganisha betri mbili volti zikifika 13.3 na kuziachanisha zikishuka hadi 12.8. Kwa AGM na alternata ya kawaida inafanya kazi vizuri na ni rahisi. Kwa lithiamu haifai. Lithiamu iliyojaa hutulia kwenye 13.2 au 13.3, relei inadhani injini bado inawaka, na betri ya kuwashia inabaki imefungamana na friji usiku kucha. Zaidi ya hapo, lithiamu iliyokwisha huvuta umeme wote alternata iliyo nao, na alternata ndogo huungua kwenye foleni ambako upepo wa kuipoza ni mdogo.

Nunua chaja ya DC-DC ya ampea 20, inayopokea umeme wa alternata na kuurekebisha volti ziifae betri ya pili. Hiyo inafaa pia kwa alternata inayoongozwa na kompyuta. Iweke karibu na betri ya nyuma, isimame wima mahali penye hewa, na uiwekee aina sahihi ya betri: lithiamu volti 14.2 hadi 14.6, AGM karibu 14.4. Waya wake mwembamba wa kuamsha uunge kwenye umeme unaokuja pale ufunguo unapowashwa. Kwa saa mbili za mwendo utarudisha Ah 40.

Hatua ya 6: Sola juu ya paa

Uganda iko juu ya ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paneli iliyolazwa bapa juu ya paa inatosha. Vyuma vya kuinamisha paneli ni uzito wa bure. Paneli ya wati 200, kwa saa 5 za jua kamili, ukiondoa asilimia 30 ya vumbi, joto na upotevu, inatoa Wh 700 (wati-saa), yaani Ah 55 hivi za betri. Linganisha na zile 62 za Hatua ya 2: ukiegesha siku nzima bila kuendesha, unakaribia kulingana.

Acha sentimita 4 za hewa kati ya paneli na bati. Paneli yenye joto la nyuzi 60 hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Ifunge kwenye kariya (fremu ya mizigo ya paa) kwa bolti nne zenye nati za kujifunga. Gundi peke yake isiaminiwe kwenye barabara ya Karamoja.

Kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kwenda betri, iwe ya MPPT (aina inayovuna nguvu ya juu ya paneli) ya ampea 20. Unga betri kwanza, paneli mwisho. Ukifungua, toa paneli kwanza. Kontrola nyingi hufa kwa kukosea mpangilio huu, kwani volti zaidi ya 20 za paneli huingia bila betri ya kuzipokea. Kumbuka pia kwamba kivuli cha tawi moja juu ya kona ya paneli kinaweza kukata nusu ya umeme. Wanaopenda kuegesha chini ya mwembe wabebe paneli ya kukunja na waya wa mita 8.

Hatua ya 7: Friji na mgawanyo

Kutoka betri ya pili, weka boksi la fyuzi la njia sita. Friji ipate njia yake peke yake: waya wa mm² 6, fyuzi ya ampea 15, na soketi inayojifunga kwa kuzungushwa. Soketi ya kiberiti cha gari hulegea kwa mtikisiko.

Sasa pima. Friji ikiwa inanguruma, soma volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi 0.3, usifunge paneli za ndani bado. Weka ncha moja ya mita mwanzo wa waya wa chanya na nyingine mwisho wake. Rudia kwa hasi, kiungo kwa kiungo. Penye namba kubwa ndipo penye kosa. Gusa kiungo hicho kwa mgongo wa kidole, na mara nyingi utakikuta kina joto.

Friji nyingi zina ulinzi wa betri wa ngazi tatu. Kama betri ya pili ni lithiamu weka Chini, kwa sababu lithiamu ina kinga yake ndani. Volti za lithiamu hazikwambii kiasi kilichobaki, hubaki karibu 13 hadi inapoelekea kwisha, kwa hiyo ongeza mita ya shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Inveta kubwa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ya kuchemshia maji achana nayo. Birika la wati 2000 linavuta zaidi ya ampea 160 kutoka betri ya volti 12. Pika kwa gesi. Mtungi wa kilo 6 usimame wima, umefungwa, na sakafuni pawe na tundu la hewa, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kila safari.

Mengine yanayostahili pesa

Nyavu za mbu kwenye madirisha mawili yanayotazamana, ili hewa ipite. Mapazia yasiwe ya buluu iliyokoza wala meusi: mbung'o wa mbuga ya Murchison huvutwa na rangi hizo.

Springi ziongezwe baada ya kupima uzito, si kabla. Pakia gari kama la safari, maji na mafuta yakiwa yamejaa, ulipeleke kwenye mizani, kisha linganisha na kibao cha uzito wa juu kwenye mlango. Lita 60 za maji ni kilo 60. Jani moja la ziada la springi nyuma linatosha magari mengi. Majani mengi mno hulifanya gari liruke likiwa tupu na kupasua shokapu.

Baada ya kilomita 200 za kwanza za murram, fungua kila kitu ukague. Kaza upya vichwa vya betri, bolti za trei na za kariya, na uweke alama ya rangi kwenye kila nati. Alama ikisogea safari ijayo, nati hiyo inahitaji gundi ya kuizuia isilegee.